Msumeno wa Mashine ya Pili

Je, wewe ungeweza kumwambia baba wa mke wako kwamba kazi inaharibika kwa sababu anaifanya mno? Usijibu haraka. Ni rahisi kuwa shujaa ukiwa umekaa kitini. Mjue kwanza huyo baba, umjue na mkwewe, ndipo useme ungefanya nini.

Mkwe, kule kiwandani, hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Nukta, maana kazi yake ilikuwa kutia nukta. Kiwanda kilijaza sabuni ya maji kwenye chupa za plastiki, na yeye alikuwa mkaguzi wa ubora. Kutwa nzima alizunguka kutoka mashine hadi mashine, akiokota chupa chache zilizojazwa muda huo, akizipima kwenye mizani, akitafuta wastani wa uzito wake, kisha akitia nukta moja kwenye karatasi ya miraba. Nukta hiyo aliiunganisha kwa rula na ile iliyotangulia, halafu huyo, kwenye mashine nyingine.

Karatasi hiyo waliiita chati. Katikati yake ulipita mstari mweusi mnene: huo ndio uzito unaotakiwa. Juu yake palikuwa na mstari mwekundu, na chini mwekundu mwingine: hiyo ndiyo mipaka. Nukta zikicheza baina ya mistari myekundu, mashine nzima. Nukta ikiruka nje, kuna jambo. Hiyo ndiyo elimu aliyopewa Nukta siku alipokabidhiwa koti jeupe, na ndiyo aliyoishi nayo: ikiwa ndani, salama; ikiwa nje, piga kelele. Alikuwa kama mlinzi wa getini anayejua nani kaingia na nani katoka, lakini waliomo ndani wanapigana au wanapendana, hilo si lake.

Na alikuwa amechoka. Usifikirie uchovu wa kutwa, ule unaoondoka ukinyoosha mgongo. Huu ulikaribishwa siku moja kama mgeni, ukaja na godoro lake. Nyayo zilimuuma kwa kusimama kwenye sakafu ya saruji. Macho yalimwasha kwa kukodolea tarakimu za mizani. Hata usingizini aliona chupa zinapita. Mkewe akimwuliza, "Habari za kazi?" alijibu, "Zipo," akavua viatu, akakaa akivitazama kana kwamba ndivyo vilivyomkosea. Watoto walishajua: baba akitazama viatu, usimwombe kitu.

Sasa baba mkwe. Huyo alikuwa mwendesha mashine ya pili, na aliikuta mashine hiyo ingali na rangi yake ya kwanza. Kabla ya kuiwasha, kila asubuhi, aliinama akategesha sikio kwenye ubavu wake, akanyamaza hivyo kidogo, ndipo akabonyeza kitufe. Kwa ajili hiyo walimbandika jina la Mzee Sikio. Wale waliokaa mwisho wa mashine, wanawake waliofunga vifuniko, hawakumwacha apumue. Kiongozi wao, mwanamke mnene mwenye sauti ya kupasua bati, ambaye wote walimwita Mama Vifuniko, alimwuliza kila siku:

"Mzee, mgonjwa leo anasemaje?"

"Anasema ungefunga mdomo wako kama unavyofunga chupa, angepona."

Wakacheka, siku ikaanza.

Ni huyu mzee aliyemshika Nukta mkono na kumwingiza kiwandani, enzi Nukta hana mbele wala nyuma, akamwambia msimamizi wa wakati huo, "Kijana wangu huyu, akikosea niulizwe mimi." Baadaye akampa na binti. Kwa hiyo Nukta kazi alipewa na mzee, mke alipewa na mzee. Mbele yake hakukunja nne, na maneno aliyapima kuliko chupa.

Mambo yakaenda hivyo mpaka alipoletwa meneja mpya. Meneja huyu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa mbio. Siku ya kwanza aliwakusanya wafanyakazi uwanjani akasema, "Sitaki kuona kosa linaangaliwa tu kama sinema. Kosa likionekana, lichukuliwe hatua. Papo hapo!" Wakapiga makofi, maana jua lilikuwa kali na walitaka kuingia ndani. Wiki hiyo hiyo zikaja chati mpya zenye safu moja zaidi pembeni. Juu ya safu hiyo paliandikwa: Hatua iliyochukuliwa. Kila nukta, lazima mwendesha mashine ajaze pale amefanya nini. Safu hiyo haikuruhusiwa kubaki tupu.

Kuna watu duniani wanaoamini kwamba mkono uliotulia ni mkono mvivu. Watu hao hupewa ofisi. Huko ofisini hawasikii chupa zikipita, wanaona safu tu, na safu tupu huwaumiza jicho kuliko chupa iliyojaa nusu.

Mwanzoni Mzee Sikio alijaza safu ile kwa neno moja: hakuna. Nukta ikishuka kidogo, hakuna. Ikipanda kidogo, hakuna. Karatasi zilipofika ofisini zilirudishwa, na aliyepewa kazi ya kuzirudisha alikuwa Nukta.

"Baba, meneja hataki 'hakuna'."

"Na kama hakuna?"

"Mimi ni mjumbe tu, baba."

Mzee alimtazama, akaichukua karatasi. Tangu siku hiyo, "hakuna" ikaisha. Nukta ikipanda juu ya mstari mweusi, mzee alishika skrubu ya kujazia, akaikaza robo mzunguko, akaandika: nimepunguza. Ikishuka, akailegeza, akaandika: nimeongeza. Safu ikajaa kuanzia juu hadi chini kwa mwandiko wake wa kulalia upande mmoja. Meneja akaibandika mojawapo ya karatasi hizo ukutani kama mfano wa kuigwa.

Na chupa zikaanza kuharibika.

Ziliharibika polepole, ndio maana hakuna aliyeshtuka. Nukta moja nje leo, moja kesho. Halafu siku moja likarudi lori zima. Mnunuzi mkubwa alikuwa amezipanga chupa rafuni akaona moja imejaa mpaka shingoni, jirani yake imeishia mabegani, kama watoto wa baba mmoja waliogawiwa chakula na mama wa kambo. Meneja aliwaita ofisini fundi mkuu na Nukta. Fundi mkuu, mtu mkweli asiyependa maneno mengi, akasema mashine ya pili imezeeka, na hakudanganya, imezeeka kweli.

"Inatengenezeka?" meneja akauliza.

"Kila kitu kinatengenezeka. Swali ni mpaka lini."

"Basi kesho asubuhi nakuja kuiangalia mwenyewe. Ikiwa kazi yake ni hii hii ninayoiona kwenye lori, naifunga. Iuzwe chuma chakavu. Na watu wake..." Hakumalizia. Alifungua kiganja juu ya meza kama anayeachia ndege. "Mkaguzi, uniletee chati zake."

Nukta akatoka. Watu wa mashine ya pili aliwajua mmoja mmoja: Mama Vifuniko na wenzake, wapakiaji wa maboksi, na mbele yao wote baba wa mkewe, ambaye kwa umri ule hakuna kiwanda kingine kitakachomfungulia geti hata kumsalimia.

Chumba cha ukaguzi kilikuwa kidogo, kina meza moja na dirisha lisilofunguka. Nukta akazitandaza chati za mashine ya pili mezani ili azipange vizuri. Meza haikutosha, akashuka sakafuni, akapiga magoti akizipanga moja baada ya nyingine kutoka ukutani hadi mlangoni. Alipotaka kunyanyuka, magoti yakakataa. Akabaki pale chini amejiegemeza kwenye mguu wa meza, anatazama tu, hana hata nguvu ya kuhesabu nukta zilizotoka nje. Labda ni uchovu uliomsaidia. Mtu akiwa na nguvu hutazama nukta moja moja, anatafuta iliyokosea. Aliyechoka hutazama kitu kizima, kama anavyotazama ukuta.

Akaona msumeno.

Juu, chini, juu, chini, juu, chini. Nukta hazikuzurura kama zinavyozurura kwenye mashine nyingine, mara mbili tatu juu, mara chini, mara zikalala katikati bila sababu. Hizi zilikwenda kwa zamu kama watu wawili wanaotwanga kinu kimoja. Karatasi hii, meno. Karatasi ile, meno. Mashine mbovu haiwezi kuwa na nidhamu namna hiyo. Mashine iliyolegea hupanda ikapanda, au hushuka ikashuka. Chuma hakijui zamu. Zamu ni ya mkono.

Halafu, karibu na mlango, akaona karatasi moja isiyo na meno. Nukta zake zilitembea kando ya mstari mweusi, huku kidogo, kule kidogo, kama mtu anayetoka matembezini hana haraka. Mwandiko uliojaza safu haukuwa wa mzee. Ulikuwa wa Mama Vifuniko, na kila mahali ulisema kitu kimoja: nimesafisha mdomo wa mashine. Nimesafisha mdomo wa mashine. Kutwa nzima, mdomo ule ulisuguliwa kuliko wa bibi harusi.

Akamfuata mwanamke huyo pale pale, akiwa anakunja aproni aende zake.

"Mama, siku ile mzee hayupo, mlifanya nini kwenye mashine?"

Mama Vifuniko akashika kiuno. "Umetumwa?"

"Sijatumwa."

"Basi hatukufanya kitu. Kwani nani mwenye roho ngumu ya kugusa skrubu ya Mzee Sikio? Nilibonyeza kitufe, tukafunga vifuniko mpaka jioni. Safu nikaijaza uongo, maana mngenirudishia. Haya, nipeleke kwa meneja, nimeshazoea kusimama."

"Na mdomo wa mashine?"

"Mdomo sikuugusa hata kwa kitambaa, Mungu anisamehe."

Nukta akarudi sakafuni. Sasa alielewa, na kuelewa kwenyewe kulimchosha zaidi. Wa mashine nyingine bila shaka nao waliijaza safu uongo kama Mama Vifuniko; mzee peke yake ndiye aliyeitii kwa mkono. Mashine yoyote ina pumzi yake. Chupa hii itazidi tone, ile itapungua tone, na hakuna ubaya, ndivyo ilivyo, kama moyo wa mtu usivyopiga sawasawa kama saa. Ukimwona mtu amebeba ndoo ya maji kichwani, utaona maji yanatikisika, naye anakwenda. Lakini aanze kuishika ndoo kila ikitikisika, aisukume huku, airudishe kule, atafika nyumbani amelowa na ndoo haina kitu. Mzee alikuwa ameishika ndoo. Chupa imezidi tone kwa bahati tu, yeye anapunguza. Inayofuata ingepungua yenyewe. Sasa inapungua mara mbili. Anashtuka, anaongeza, inayofuata inafurika. Kila alivyozidi kuirekebisha ndivyo alivyozidi kuitikisa, na kila ilivyotikisika ndivyo alivyoongeza bidii. Alikuwa anashindana na kivuli chake mwenyewe, kwa amri ya ofisi, na karatasi yake imebandikwa ukutani kwa sifa.

Angeweza kwenda kwa meneja wakati ule ule. Mlango ulikuwa wazi, taa inawaka. Lakini alimjua mtu wa mbio. Mtu wa mbio ukimwambia ni mkono, hangojei umalizie, anauliza mkono wa nani. Kesho saa ya chai mzee angekuwa nje ya geti, na habari za kosa lake angezipata kwa mlinzi. Alikunja chati mbili, yenye meno na isiyo na meno, akazitia kwapani.

Mkewe alimsikiliza mpaka mwisho akiwa anaanua nguo kwenye kamba.

"Nenda wewe ukamwambie," Nukta akamwomba. "Wewe ni mwanawe."

"Thubutu! Uliponitaka ulituma watu, nikasema sawa, ndivyo ilivyo. Hili jibebee." Akamtupia shati begani. "Na vaa hili, usiende kwa baba yangu na hilo koti la makosa."

Jua lilikuwa bado halijazama alipofika. Mzee alikuwa uani amekaa kwenye kigogo, amegeuza kigoda miguu juu, anakikaza mguu uliolegea. Mama mkwe ndiye aliyemwona kwanza.

"Karibu mkwe wangu. Mbona umekonda hivyo? Huyu mwanangu anakupikia au anakusimulia?"

"Ananipikia, mama."

"Basi kula unakula, kinachokumaliza ni kingine." Akaingia ndani kuweka chai.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Kuna mgonjwa?"

"Hakuna. Ni habari za kazi."

"Za kazi si zina kesho?"

"Hizi kesho zitakuwa zimechelewa, baba."

Mzee akaiweka nyundo chini. Akakigeuza kigoda, akakijaribu kwa kiganja, akamsukumia mkwewe akikalie. Nukta akakaa, akaeleza habari za lori, za fundi mkuu, za chuma chakavu. Mzee alisikiliza ameinamisha kichwa, kama anavyoisikiliza mashine. Kisha Nukta akazitandaza zile chati mbili ardhini, akaziwekea vijiwe zisipeperuke. Kwanza akamwonyesha meno. Halafu ile tulivu.

Mzee akaigusa ile tulivu kwa kidole. "Hii ya nani?"

"Ya mashine yako, baba."

"Naona ni ya mashine yangu. Nauliza siku hiyo alikuwepo nani."

"Wewe hukuwepo. Ni siku uliyokwenda kumzika ndugu yako."

Kilichosikika ni vikombe ndani. Mzee aliinua ile karatasi, akaisogeza karibu na macho, akaiweka mbali, akaileta karibu tena.

"Kwa hiyo ugonjwa ni mimi."

"Sikusema hivyo, baba."

"Umetoka kwako mpaka hapa na makaratasi kwapani. Umesema."

"Ugonjwa ni ile safu. Safu ndiyo iliyokulazimisha."

"Safu ina mkono?" Mzee akamtolea macho. "Na nilipokuwa naandika hakuna, nikasema hakuna, nani alikuwa ananirudishia?"

"Mimi, baba."

"Haya."

Neno hilo moja lilimshukia Nukta kama gunia. Alitamani mzee angetukana. Mtu akikutukana unapata pa kushika.

"Kesho," Nukta akasema, "nakuomba usiiguse. Iwashe, halafu uiache. Safu nitajaza mimi. Nitaandika hakuna, nitie saini yangu, meneja akiuliza aniulize mimi."

"Akikufukuza?"

"Basi nitalala."

Mzee alicheka kidogo, puani. Kicheko kikafa. Akatazama mikono yake, akaigeuza juu, akaigeuza chini, mikono yenye makovu ya vyuma na kucha moja isiyoota tena.

"Sikiliza, mwanangu. Mimi sikatai. Hizi nukta naziona, mimi si kipofu. Lakini fikiria mbele kidogo. Kesho nikae nisiguse. Mashine itulie, iende vizuri, chupa zote sawa kama pacha. Meneja atasimama pale, ataiangalia mashine, ataniangalia mimi. Ataniuliza kitu gani?"

Nukta akairudisha ile chati tulivu chini ya kijiwe chake.

"Ataniuliza, sasa wewe ni wa nini?"

Nukta alikuwa amekuja na dawa ya mashine, hakuja na dawa ya mtu. Na sisi tuliokwenda shule tukafundishwa kuchora mistari hiyo, tuseme ukweli: hakuna kitabu kilichotufundisha pa kumweka mzee baada ya mashine kupona.

Mama mkwe akatoka na chai. Akawatazama wote wawili, akaelewa kwamba asiulize. "Mwache mwenzio anywe," alimwambia mumewe, ingawa mumewe hakuwa anasema kitu.

"Kunywa," mzee akasema. "Halafu nenda ukalale. Una macho ya mtu aliyetoka msibani." Hakukubali, hakukataa. Aliokota nyundo, akakuta hakuna kigoda cha kupiga maana mkwewe amekikalia.

Nyumbani mkewe akamwuliza, "Amesemaje?"

"Amesema nikalale."

"Basi lala."

Akalala, asilale.

Asubuhi yake Nukta alifika akakuta mzee ameshafika. Ameinama, sikio ubavuni. Akabonyeza kitufe. Mashine ikakohoa, ikaanza kujaza. Mzee akarudi nyuma hatua chache, akasimama, mikono mgongoni. Hakumsalimia mkwewe wala mkwewe hakuthubutu kumsogelea. Nukta aliokota chupa, akapima, akatia nukta. Chini kidogo ya mstari mweusi. Akaona vidole vya mzee, kule mgongoni, vinatafunana. Lakini miguu haikusogea. Kwenye safu Nukta akaandika: hakuna. Akatia saini.

"Mzee," Mama Vifuniko akapaza sauti, "leo umefungwa pingu?"

Mzee aliendelea kuitazama mashine. Mama Vifuniko akawatazama wenzake, akaacha utani, akafunga vifuniko kimya.

Nukta ya pili, juu kidogo. Ya tatu, juu tena. Ya nne ikaangukia mstari wenyewe. Nukta alikuwa ameegemea nguzo, anaomba tu meneja achelewe ili karatasi ipate kitu cha kuonyesha. Meneja hakuchelewa. Aliingia na fundi mkuu nyuma yake, anatembea kwa kasi, kalamu mkononi.

"Chati iko wapi?"

"Hii hapa, mkuu. Kabla hujaitazama, naomba nikueleze..."

"Na chupa hizi?" Meneja hakungoja. Alichukua chupa moja iliyokuwa inapita, akaiweka kwenye mizani mwenyewe. Tarakimu zikapanda, zikasimama juu ya uzito unaotakiwa. Ilikuwa bado ndani ya mipaka, imezidi matone tu, lakini meneja aliona kosa. "Imezidi! Watu wote mmesimama mnatazama? Mzee, nilisema nini kuhusu hatua?"

Mzee Sikio hakusogea.

"Haya, niachieni mimi," meneja akasema, akapiga hatua hadi kwenye mashine, akanyoosha mkono ashike skrubu.

Ndipo mzee aliposogea. Nukta alikuwa hajawahi kumwona akienda haraka namna ile, si kiwandani, si kwingine kokote. Aliufikia mkono wa meneja kabla haujafika kwenye skrubu, akaushika kifundoni. Hakuuvuta wala hakuupinda. Aliushika tu, kwa ile mikono yake yenye makovu, kama unavyoushika mkono wa mtoto karibu na jiko.

"Usiiguse," alisema.

Wanawake wa vifuniko wakaacha kufunga. Chupa ziliendelea kupita bila vifuniko, moja baada ya nyingine, mbele ya wote.

"Mzee," meneja akasema kwa sauti ya chini, "niachie mkono."

"Nitakuachia," Mzee Sikio akajibu. "Zipite kwanza hizi." Halafu, bila kugeuza macho, akamwita mkwewe: "Wewe! Umesimama nini hapo? Pima."

Nukta akajibandua kwenye nguzo. Akaokota chupa zilizokuwa zinapita, akaziweka mizanini moja moja, akasoma uzito kwa sauti ili wote wasikie, hii juu kidogo, hii chini kidogo, zote ndani ya mipaka, na meneja akiwa bado ameshikwa mkono, amegeuza shingo, akisikiliza.